Klipu ya Banda la Kuku

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka vyombo, Margwe aliota tela lake limeingia chumbani, limekaa kitandani upande wa mkewe, na linataka chai.

"Ya rangi au ya maziwa?" akauliza Margwe.

"Ya maziwa," tela likajibu. "Na sukari usinibanie, leo nina kazi."

Hakushangaa. Ndivyo alivyo Margwe, hata akiwa macho ni mambo machache yanayomshangaza. Kinachomshinda ni kukubali kwamba kuna jambo asilolijua.

Kabla hatujaenda mbali, ni vizuri umfahamu. Margwe ni mkulima, anakaa vijiji vya juu kule upande wa Karatu, na ana trekta jekundu lenye umri wa kumzidi binti yake. Nyuma ya trekta hufunga tela. Amelivuta tela hilo tangu ana nywele, na akikaa na watu hachelewi kuwakumbusha. Sasa binti yake, Basilisa, anaolewa bondeni, na pale kijijini kwao upande wa binti hupeleka vyombo siku chache kabla ya ndoa: kitanda, magodoro, makochi, sufuria, kabati. Tena havipelekwi kimyakimya. Kina mama wa ukoo hupanda juu ya vyombo, wakaimba na kupiga vigelegele mpaka uani kwa bwana harusi. Vikifika bila watu juu yake, wenyeji watauliza vimeibwa wapi.

Kabati ndilo lililompandisha Margwe kichwa. Lina kioo cha mlango mzima. Jioni alilipakia mwenyewe, nyuma kabisa ya tela, kioo kikitazama nyuma, ili kila atakayepitwa ajione anavyobaki. Basilisa akauliza nani atakishika kioo kisipasuke njiani. Margwe akacheka.

"Utakaa pale nyuma ukishike wewe, mpaka njia panda ya chini. Anayeendesha ni baba yako, wasiwasi wa nini?"

Basilisa ni mtoto msikivu. Akasema, "Sawa, baba."

Kuna kitu kimoja hakumwambia. Tela hushikwa na trekta kwa pini moja nene, na chini ya pini hukaa klipu, kadude kadogo ka waya mgumu kanakoizuia pini isiruke. Klipu hiyo Margwe aliichomoa wakati kicheche alipokuwa akimalizia kuku wake, akafungia mlango wa banda. Kwenye pini akafunga kipande cha mpira wa baiskeli. Mpira ukakaa, mizigo ikafika sokoni, naye akasahau. Na kutoka kijijini kwenda bondeni kuna mteremko mrefu, mwisho wake kuna kona kali inayoitwa Kona ya Kabichi. Kabichi zenyewe zilizowahi kumwagika pale hazikuwa za Margwe, jambo ambalo hupenda kulisisitiza.

Haya, turudi chumbani. Tela linamaliza chai, linajifuta mdomo kwa pazia.

"Baba Basilisa," linasema, "leo natangulia mimi."

"Tela halitangulii."

"Miaka yote naangalia mgongo wako. Na mimi nataka nione barabara."

Margwe anaona hoja ina uzito, ila anaomba wasubiri kidogo, watu watasemaje. Wanakubaliana tela likae nyuma mpaka mteremkoni, halafu litajua lenyewe.

Anafungua mlango wa chumba. Nje hakuna ua, kuna barabara, na trekta linanguruma. Kina mama wako juu ya vyombo wameanza kuimba. Juu kabisa, kwenye rundo la magodoro, amekaa Yudita, dada yake mkubwa Margwe. Huyu ukimwambia leo ni Jumanne atakuuliza nani kasema. Na nyuma kabisa yupo Basilisa, tayari na shela kichwani ingawa ndoa bado, ameshika kioo kwa mikono miwili kama alivyoagizwa.

Wanatembea kidogo tu, wanakuta kizuizi. Askari wa barabarani ni yule jogoo mwekundu wa banda la Margwe mwenyewe. Amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na kishungi chake kimetokeza juu ya kofia.

"Leseni," anasema jogoo.

Margwe anampa. Jogoo anaitazama kwa jicho la kulia, anageuza kichwa, anaitazama kwa jicho la kushoto.

"Umevuta nini?"

"Vyombo vya binti yangu. Afande, wewe si jogoo wangu?"

"Nikiwa kazini sina mwenyeji," anasema jogoo. "Umbali wako uko wapi?"

"Umbali upi?"

"Dereva mwenye tela anatakiwa awe na umbali mbele yake, mrefu kuliko wa mwenzake asiyevuta kitu. Wako siuoni."

"Mimi nina uzoefu."

"Uzoefu nauona, umekaa hapo kwenye tumbo. Nauliza umbali."

Margwe anaacha trekta linanguruma. Anateremka, anapiga hatua moja, yuko nyumbani amepiga magoti mvunguni mwa kitanda. Umbali upo, nyuma ya gunia la pumba, umekunjwa kama mkeka na bado uko kwenye nailoni yake. Hajawahi kuutumia hata mara moja. Anajitwika begani, anarudi barabarani, anautandika mbele ya trekta. Unaenda, unaenda, unapita duka la pembejeo, unapita kisima, unaishia madhabahuni kanisani, ambapo padri anauinua kidogo kwa mguu apite.

Jogoo anatembea juu yake akiupima kwa kucha.

"Huu unatosha," anasema. Kisha anaidonoa leseni kwenye pembe, mara moja, ko. "Hilo ni onyo."

"Onyo la nini tena, afande? Umbali si huo?"

"La klipu. Mimi nalala nyuma yake kila siku, naifahamu kuliko wewe. Inafanya kazi ya watu wengine na inajua hivyo. Jioni huwa haina raha."

Anamrudishia leseni, anapisha. Margwe anapita akinung'unika kwamba siku hizi hata kuku wamesoma.

Hawajafika mbali, kabati linakohoa.

"Dereva, mimi nyuma hapa napapenda sana," linasema. "Kila mtu ananiangalia."

"Ndiyo maana nimekuweka hapo."

"Ila nasikia trekta lako linalalamika."

Margwe anageuka. Kweli, kabati ni zito, limelibana tela nyuma, na tela limeinua pua. Pua ya tela imeinua kisigino cha trekta. Magurudumu makubwa ya nyuma yanakanyaga hewa. Margwe anakata usukani kushoto, trekta linaenda kushoto likijisikia. Anakata kulia, linafikiria kwanza. Tela nalo limeanza kucheza, mkia huku, mkia kule, na kina mama wanadhani ni kwa ajili ya wimbo, wanaongeza sauti.

"Sogea mbele kidogo," Margwe analiambia kabati. "Mzigo mzito unakaa mbele."

"Mbele nitaonwa na nani? Na mgongo wako?"

Hayo ni maneno ya Margwe mwenyewe ya jioni, aliyomjibu mkewe alipomshauri jambo hilohilo.

Barabara inainama. Ni mteremko. Kwenye bawa la trekta, juu ya gurudumu, amekaa kijana aliyevaa suti ya kijivu, viatu vinang'aa, vidole laini.

"Na wewe ni nani?"

"Fri," anasema kijana. "Mzee, umenisahau? Kila ukifika hapa si unaniita. Unasema tutoe gia, tuache chombo kishuke chenyewe, dizeli ipumzike."

"Kumbe ndiye wewe. Karibu. Basi nishikie usukani kidogo nimwangalie mwanangu."

"Mimi huwa sishiki kitu."

"Breki je?"

"Wala breki. Mimi nakaa tu, mzee. Kazi yangu ni kukaa." Anatoa kitambaa mfukoni, anafuta kiatu.

Mwendo unakua. Miti inapita haraka, halafu inapita kwa makundi. Margwe anakanyaga breki, na trekta linajitahidi masikini, lakini tela halina breki, halijawahi kuwa nayo tangu linunuliwe. Linasukuma kwa nyuma kama ng'ombe aliyeona josho wazi. Margwe anatafuta gia ndogo. Gia ndogo ameiacha kule juu, kabla ya mteremko, imesimama kando ya barabara inampungia mkono.

Hapo anasikia sauti nyembamba chini ya kiti.

"Mzee. Samahani, mzee."

Ni kile kipande cha mpira wa baiskeli.

"Mimi nilikuwa kwenye baiskeli ya mwalimu," kinasema. "Gurudumu la mbele. Kazi yangu ilikuwa kushika upepo, na wenyewe ulikuwa haukai. Hii ya kushika pini sikuisomea."

"Vumilia mpaka njia panda."

"Nimevumilia tangu msimu wa maharage. Nisalimie nyumbani."

Kinakatika. Pini inaruka juu, inazunguka, inaangukia kwenye tope bila haraka. Tela linajitoa pembeni, linalingana na trekta, linampita Margwe upande wa kulia kwa utaratibu, na likiwa sawa naye linasema, "Shikamoo."

"Marahaba," anaitika Margwe, maana adabu ni adabu hata mambo yakiharibika.

Sasa tela liko mbele. Kina mama wanaimba sifa za dereva.

"Shukeni," Margwe anapiga kelele. "Shukeni wote."

Kina mama wanapanda juu zaidi. Yudita anapanda juu ya kochi lililo juu ya magodoro.

"Nimesema shukeni."

Wanapandiana mabegani. Yudita anaomba apewe kiti aongeze kimo.

Margwe anaona jasho linamtoka mpaka kwenye kope. Ndipo anakumbuka jambo la kwanza kabisa ambalo tela lilimfundisha: ukirudi nyuma nalo, ukitaka liende kulia, usukani unakata kushoto.

"Msishuke," anasema. "Kaeni hapohapo. Nisione mtu anashuka."

"Nani kasema?" anauliza Yudita, na papo hapo anakunja kitenge chake, anashuka. Anashuka kwa dharau, mwendo wa tela wala haumgusi, na mguu wake unakanyaga benchi la kanisa. Wenzake wanamfuata mmojammoja, wanakaa kwenye benchi, wanafungua vitabu vya nyimbo.

Margwe anahema. Anahesabu vitenge kwa macho, wote wapo. Kisha anatazama mbele.

Basilisa bado yuko kwenye tela. Ameshika kioo kwa mikono miwili.

"Basilisa, shuka."

"Umesema tukae, baba."

"Nilikuwa nawaambia wale. Wewe shuka."

Lakini yuko mbali tayari, sauti haifiki, na kama inafika amekwisha kulisikia la kwanza, naye ni mtoto wa kutii la kwanza. Kabati bado linatazama nyuma. Kwa hiyo kile kioo alichokiweka ili wengine wajione wanavyobaki, sasa kinamwonyesha yeye. Margwe anajiona ndani yake, mzee mmoja juu ya trekta jekundu, mikono imelala mapajani, na kando yake kijana wa suti anafuta kiatu. Anajiona anavyozidi kuwa mdogo. Pembeni mwa kioo anaona vidole vya binti yake, vimekaza, na mbele ya hivyo vidole ipo Kona ya Kabichi.

Margwe aliogopa. Katika maisha yake alikuwa hajaogopa namna ile. Akataka kuita, jina likakwama, akasukuma, likatoka.

Lilitoka chumbani. Mkewe alikuwa dirishani anafungua pazia, nje kumepambazuka.

"Unamwita Basilisa wa nini? Yuko jikoni anachemsha chai," alisema Mama Basilisa. "Amka, Yudita na wenzake wameshafika. Wako uani wanagombania nafasi za kukaa kwenye tela."

Margwe alitoka na kandambili za mkewe. Uani palikuwa na kina mama wamejipamba, wamefunga vitenge vya sare, na pembeni lilisimama gari, Noah ya Katekista Bayo, iliyoombwa kuwachukua wazee wa ukoo. Wazee wenyewe walikuwa wanasubiri kwa heshima mlango ufunguliwe. Dada Yudita alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye gurudumu la tela.

Margwe alisimama akamtazama. Kusema "shuka" kulimjia mpaka kwenye meno, akakurudisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nipe mkono nipande."

"Panda, dada, panda," alisema Margwe. "Na wenzako wote. Nilikuwa nataka nikwambie kabla hujanisumbua, leo wanawake mtakaa kwenye tela na kwenye Noah watakaa wanaume. Viti ni vya wanaume. Nyie magodoro yanawatosha."

Mguu wa Yudita ulitulia kwenye gurudumu.

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Nimeshapanga, na sitaki ubishi."

"Wewe umeanza lini kunipangia mimi pa kukaa?" aliuliza Yudita, akauteremsha mguu. "Wewe niliyekubeba mgongoni ukinikojolea? Mimi nipande juu kama gunia la maharage, hao wazee wasio na hata kigelegele kimoja wakae kwenye viti?"

"Dada, nakuomba sana, usipande Noah."

Yudita alikwishafungua mlango wa mbele. Kina mama walimfuata, wakajaza viti vyote, na wazee wakaambiwa wakae kwenye benchi la jikoni mpaka gari lirudi. Mzee mmoja alitaka kusema kitu, akaangaliwa, akaacha. Margwe alikuwa ameinama anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, kwa sababu alihitaji mahali pa kuficha uso.

Basilisa akatoka jikoni na kikombe cha chai. "Baba, mimi nimeshavaa. Nipande nishike kioo?"

Kwa huyu Margwe hakuzunguka.

"Usipande, mwanangu. Jana nilikwambia vibaya. Kioo tutakizungushia godoro, kabati tunalileta mbele, lilale chali. Wewe baki na mama yako."

"Lakini halitaonekana, baba."

"Watakaolifungua wataliona."

Basilisa alimtazama baba yake, kwa sababu neno "vibaya" hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Kisha akasema, "Sawa, baba," akaenda kuita majirani wa kusaidia kubeba kabati. Mama Basilisa, aliyetoa ushauri huohuo jioni, akapita na ndoo bila kusema neno, na Margwe angependa zaidi kama angesema.

Kabati likahama. Pua ya tela ikatulia. Halafu Margwe akaufungua ule mpira kwenye pini, akaenda nao kwenye banda la kuku, akachomoa klipu.

"Na kuku?" mkewe akauliza.

"Wafungie kwa huu mpira."

"Si unasema mpira unashika tela zima? Kumbe mlango wa kuku ulikuwa mzito zaidi."

Margwe aliondoka na klipu yake. Aliingia uvunguni mwa trekta, akaisukuma klipu kwenye tundu la pini, ikaingia, ikalia ko, akaivuta mara mbili kuona kama inatania. Alipotoka amejaa vumbi, mlango wa banda ulikuwa wazi na kuku wametawanyika uani. Noah ilikuwa imeshatoka, vigelegele vinasikika barabarani. Akapanda, akawasha trekta.

Jogoo mwekundu alikuwa amesimama katikati ya geti.

Margwe akapiga honi. Jogoo hakusogea. Akapiga tena. Jogoo akanyoosha shingo, akamtazama kwa jicho la kulia, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la kushoto, akangoja.

Margwe akaangalia huku, akaangalia kule, wazee walikuwa wanagombea chai. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa leseni, akainyoosha kidogo chini ya usukani ili isionekane na mwingine.

Kwenye pembe ya leseni kulikuwa na tundu dogo, la ukubwa wa mdomo wa kuku.

Alilitazama mpaka trekta likakohoa. Alipoinua macho jogoo alikuwa ameshapisha. Margwe akairudisha leseni mfukoni, akafunga kifungo. Akaingiza gia ndogo hapohapo getini, mteremko ukiwa bado mbali. Mbele, ile Noah ilikuwa inapita duka la pembejeo. Margwe akasubiri ipite kisima, ndipo akaanza kwenda.